Jeki za motahomu ya zamani zinavuja oili: kabla hujanunua sili mpya soma hii

Unaamka asubuhi ndani ya motahomu, lile gari lenye nyumba ndani yake, unakuta kikombe kimeteleza hadi ukingoni mwa meza, mlango wa bafu unajifungua wenyewe, unatoka nje gari limelala upande mmoja kama mtu aliyechoka kusimama na chini ya jeki ya nyuma, moja ya zile zinazoliweka gari sawa likiegeshwa, kuna doa jekundu. Kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni sili (mpira unaozuia oili isitoke kwenye jeki) imekufa, ngoja ninunue nyingine. Mi ndo nilivyofanya, nikabadili sili, ikakaa miezi kadhaa ikaanza tena, nikamlaumu aliyeniuzia nikanunua nyingine ya bei kubwa zaidi nayo ikaenda. Mara ya tatu ndo nikapitisha ukucha kwenye rodi ya jeki, ile fimbo ya chuma inayotoka na kuingia, taratibu toka juu mpaka chini, ukucha ukakwama. Kishimo cha kutu kidogo kuliko kichwa cha pini, kila jeki inapopanda na kushuka kinapita kwenye sili kama kisu. Kwaiyo mwongozo huu wote unazunguka swali moja tu, sili imeuliwa na nini, maana ukibadili sili bila kumjua muuaji umemletea chakula kingine.

Tujue kwanza tunashika nini. Mfumo wa zamani kwa kawaida una pampu yenye mota ya volti 12, tangi dogo la oili, bloku ya valvu za solenoidi (zinafunguliwa kwa umeme), mipira ya presha (mi nitaiita paipu) na jeki tatu au nne zilizofungwa kwenye chesisi. Nyingi za zamani oili inasukuma jeki kushuka alafu springi mbili za nje ndo zinairudisha juu, kila jeki ina paipu moja. Kuna nyingine hazina springi, zina paipu mbili na oili inasukuma pande zote mbili. Angalia yako ni ipi kabla ya kushika spana, hizi hatua nyingi ni zilezile ila kwenye zenye springi kuna hatari ya ziada nitaieleza.

USALAMA, na hapa usirukeruke

Jeki hizi kazi yake ni kuweka gari sawa, sio kukushikilia tani kadhaa juu ya kifua chako. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki zenyewe, hasa jeki unayojua inavuja, yani we mwenyewe umeshaitilia shaka alafu unalala chini yake? Weka stendi nzito chini ya chesisi yenyewe, sio chini ya sakafu wala chini ya tangi, kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare. Weka kabari matairi yote yanayogusa chini. Na kumbuka kwenye motahomu nyingi handibreki inashika nyuma tu, ukinyanyua matairi ya nyuma hewani handibreki haina kazi tena, gari linaweza kuteleza kutoka juu ya jeki zake. Kama saspensheni yako ni ya mifuko ya hewa jua kwamba hewa ikitoka chesisi inashuka ghafla na nafasi uliyokuwa nayo inaisha, kwaiyo stendi kwanza, kichwa baadaye.

Lingine ni presha. Pampu ikifika mwisho mfumo unaweza kuwa na psi 3,000 au zaidi, tundu dogo kwenye paipu linatoa mchirizi usiouona kwa macho na unapenya ngozi. Usitafute uvujaji kwa kupapasa na mkono, tumia kipande cha kadibodi ukipitishe pembeni ya paipu, kikilowa umepata. Mtu akichomwa na mchirizi huo hata kama anaona kidoa tu kama cha sindano na hasikii maumivu anaenda hospitali saa hiyohiyo, anawaambia ni oili ya presha imeingia ndani, sio kusubiri kesho. Vidole vimekatwa kwa kusubiri kesho.

HATUA YA 1: Inavuja au inashuka tu?

Hivi ni vitu viwili. Kama gari linashuka na kuna oili chini, uvujaji uko nje, endelea hatua ya 2. Kama linashuka na chini kukavu kabisa, mara nyingi oili inarudi kwenye tangi kupitia valvu isiyofunga vizuri, na hapo ukifungua jeki umepoteza siku nzima bure. Jaribio rahisi, kama valvu za jeki mbili zinafanana zibadilishane nafasi (jeki zote ziwe juu, presha imetolewa), ukiona tatizo limehamia jeki nyingine basi ni valvu. Mara nyingi ni uchafu tu, punje ya mchanga au kipande cha tepu ya plastiki kimekaa kwenye kiti cha valvu, ioshe kwa oili safi, kagua oringi zake (vile vipete vya mpira vya kuziba), rudisha.

Na kuna ya tatu ambayo sio ugonjwa. Umeweka gari sawa mchana wa jua kali, usiku ukawa wa baridi, oili inanywea kidogo na gari linashuka milimita chache. Hiyo iache.

HATUA YA 2: Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa

Oili inatiririka kwenda chini na ukiwa unaendesha upepo unaipeleka nyuma, kwaiyo panapodondoka sipo panapovuja. Osha jeki yote, paipu, viungio na bloku ya valvu kwa dawa ya kutoa grisi, kausha mpaka uone chuma. Alafu paka poda ya mtoto au unga wa chaki kwenye sehemu unazoshuku. Shusha jeki mpaka zibebe uzito, subiri, angalia kwa tochi ukiwa pembeni sio chini. Poda itaonyesha mstari, ufuate kwenda juu hadi unapoanzia.

Angalia na rangi. Mifumo mingi hii inatumia ATF, yani oili ya giaboksi za otomatiki, ambayo ni nyekundu, lakini giaboksi yako ya otomatiki nayo ina oili nyekundu na stelingi pawa mara nyingi pia, nimeona mtu ameng'oa jeki nzima kumbe ni paipu ya kupoozea giaboksi iko sentimita chache juu yake.

Na kuna kosa la kizembe linalofanana sana na uvujaji. Oili inapimwa na kuongezwa jeki zote zikiwa zimerudi juu. Ukiongeza zikiwa chini, sehemu ya oili iko ndani ya silinda, tangi linaonekana pungufu, unajaza, alafu jeki zinaporudi ile oili yote inarudi kwenye tangi lililojaa na kumwagikia kwenye kitundu cha kupumulia. Hapo hakuna kilichoharibika zaidi ya hesabu yako.

HATUA YA 3: Viungio na paipu, anza na rahisi

Kama ni kiungio, toa presha kwanza, jeki zikiwa juu na pampu imezimwa na waya hasi wa betri umetoka. Tumia spana mbili, moja inashikilia mwili wa kiungio nyingine inageuza nati, ukitumia moja unanyonga paipu nzima. Kaza kidogo tu, kama robo mzunguko, washa, angalia. Kama bado inavuja usiendelee kukaza kwa hasira, fungua uangalie, ile koni ya ndani ikiwa na mkwaruzo au ufa hata ukining'inia kwenye spana haitaziba. Viungio vya koni na vya oringi havifungwi tepu nyeupe ya mafundi bomba, kuziba kunafanywa na koni au oringi, tepu inakatika vipande na vile vipande ndo vinaenda kukaa kwenye valvu tulizoongelea juu.

Kama paipu inatoa jasho pale mpira unapoingia kwenye chuma, imekwisha. Usiibane kwa klipu ya paipu ya maji, kwa presha ile utakuwa umetengeneza bomu dogo la oili. Ipeleke ileile ya zamani na ncha zake zote mbili kwa wanaobana paipu za haidroliki, waikate mpya ya urefu uleule na uwezo wa presha uleule au zaidi. Ukifunga mpya iweke mbali na ekzosi. Na kama moja imekufa kwa uzee zile nyingine ni wa rika lake, fanya hesabu.

HATUA YA 4: Kung'oa jeki yenyewe

Umefika hapa maana yake oili inatoka shingoni, pale rodi inapotokea kwenye silinda. Piga picha kwa simu pande zote, weka alama za tepu kwenye paipu. Bolti zenye kutu zipulizie dawa ya kulegeza kutu siku moja kabla.

Springi sasa. Zimevutwa muda wote hata jeki ikiwa juu, ukizing'oa kwa bisibisi inaweza kuruka usoni, na zina nguvu ya kuvunja jino au kidole. Njia ninayoipenda haina kifaa maalum: gari likiwa limekaa kwenye stendi kwa kimo cha kutosha, shusha jeki hewani mpaka springi zinyooke na mizunguko yake iachane, pachika washa za chuma (zile pete bapa za kwenye bolti) kati ya mzunguko na mzunguko, moja moja, kuizunguka springi yote pande zote mbili. Zima, fungua valvu ya kuachia presha, alafu sukuma rodi juu kidogo kwa jeki ya magurudumu. Springi haiwezi kujikunja tena kwa sababu ya zile washa, kwaiyo inabaki ndefu na inalegea kwenye ndoano unaitoa kwa mkono. Miwani ya kazi machoni, vidole mbali na mizunguko, na usizitoe zile washa, ziache humohumo mpaka siku ya kurudisha. Zile jeki zinazolala kwa mlalo ukiendesha springi zake zimekaa tofauti, hizo angalia kwanza zimeshikwa wapi kabla hujaigusa yoyote.

Valvu ikiwa bado wazi, weka beseni chini, fungua paipu, ziba ncha zote mbili kwa plagi safi hapohapo, usiache tundu wazi hata dakika tano maana vumbi linaloingia sasa ndo tatizo la mwakani. Egemeza jeki kwa jeki ya magurudumu, toa bolti, shusheni watu wawili. Ni chuma kizito, usikipokee kwa kifua.

HATUA YA 5: Fungua, na hapa usiwe na haraka

Angalia shingo. Ikiwa na nati kubwa au kifuniko cha kuzungusha inafunguka. Ikiwa imechomelewa mzunguko mzima haikutengenezwa kufunguliwa, hiyo ni ya kununua nyingine au kupeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Bana kwenye jiliwa kwa kushika sehemu nene ya kufungia, sio ukuta wa silinda, silinda ikibanwa inakuwa yai na sili haikai kwenye yai. Toa rodi kwa kuivuta kwa mkono, usiisukume kwa upepo wa kompresa, inatoka kama risasi.

Sasa toa sili ya zamani kwa kifaa cha plastiki au shaba kisichokwaruza na USIITUPE. Iweke kwenye karatasi nyeupe mbele yako uisome, ndo ripoti ya uchunguzi hiyo.

Ina mistari ya kukatika iliyonyooka, kitu chenye makali kimepita, muuaji yuko kwenye rodi. Imelika upande mmoja na mwingine uko kama mpya, rodi imepinda, labda kuna siku gari liliondoka jeki ikiwa chini (haya, kubali tu) au liliteleza kidogo wakati limenyanyuliwa. Imekauka, ngumu, ukiikunja inapasuka, huo ni uzee na joto, hapo tu ndo sili mpya peke yake inatosha. Imevimba, laini, inanata kama ubani uliotafunwa, mtu ameweka oili isiyo yake, na hapo mfumo mzima unahitaji kuoshwa maana oringi zote zimekunywa sumu ileile.

Alafu rodi. Ifute, pitisha ukucha, kisha chukua pamba uipitishe mzunguko mzima, nyuzi zikibaki zimenasa mahali weka alama kwa kalamu hata kama huoni kitu. Yangu mashimo yalikuwa yamekaa kama mkanda sehemu moja, upana wa vidole vinne, na nilipopima nikagundua ndo sehemu inayobaki nje gari linapokaa limesimama kwa msimu mzima jeki zikiwa chini. Mvua na umande vinakula kromu pale, siku ya kuondoka unarudisha jeki na ile kutu yote inapita kwenye sili.

Kutu ya juujuu isugue kwa msasa laini wa 2000 na oili, ukizungusha kuizunguka rodi, sio kwa urefu wake, mikwaruzo ya urefu ni mifereji unaichimbia oili njia. Shimo moja mawili unaweza kulisafisha, kulijaza gundi ya chuma ya kuchanganya, ukasawazisha mpaka ukucha usisikie kitu, nimefanya na imeshika, ila ni ya kukuvusha tu. Kromu ikiwa imebanduka sehemu kubwa, ipelekwe kupakwa kromu upya au nunua rodi. Kupinda kunapimwa kwa kuiviringisha juu ya kioo kinene kilicholala sawa ukiangalia mwanga chini yake. Ndani ya silinda nako tia tochi, mkwaruzo unaoshika ukucha ni habari mbaya ileile.

HATUA YA 6: Sili mpya

Usipime sili ya zamani pekee, imeshabadilika umbo, pima kwa vernia mfereji inamokaa pamoja na kipenyo cha rodi. Mpira uwe wa naitrili au polyurethani kwa oili za aina ya ATF. Kuna oringi nyeusi zinafanana kabisa ila ni za mpira wa EPDM, hizo ni za maji na oili ya breki, kwenye ATF zinavimba, kwaiyo usiokote tu oringi yoyote kwenye boksi kwa kuwa imeenea.

Mwelekeo ndo watu wengi wanakosea. Sili kuu ina umbo la U, mdomo wa U unaangalia kwenye oili, ili presha ikija ipanue midomo na kuibana kwenye rodi. Dasti sili mdomo wake unaangalia nje kwenye vumbi. Ukigeuza ile ya U itavuja siku ya kwanza na utaapa umeuziwa feki. Loweka sili kwenye maji ya moto dakika chache ilainike, ifute, ikunje kwa vidole kama umbo la figo, iingize kwenye mfereji uiachie ijinyooshe. Paka oili ileile ya mfumo, sio grisi. Kama rodi ina nyuzi za bolti mwishoni zifunge plastiki laini kabla ya kupitisha sili, nyuzi zile zinakata kama wembe na kazi yote hii inarudi mwanzo.

HATUA YA 7: Kurudisha na kujaza

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, springi zenye washa ziingize kwenye ndoano, unganisha paipu, funga ile valvu ya kuachia presha, shusha jeki kidogo zinyooke, ndo unatoa washa. Hesabu washa ulizoweka na ulizotoa.

Oili ni ile iliyoandikwa kwenye tangi au kitabu cha mtengenezaji. Mifumo mingi ni ATF ya aina ya Dexron, mingine mtengenezaji anataka oili yake maalum, ila hakuna hata mmoja anayetaka oili ya breki, ile inaua sili zote kwa pamoja. Uliyotoa ikiwa na rangi ya maziwa ina maji, mwaga yote usafishe tangi. Na zile dawa za chupa za kuzuia uvujaji mi sizitii, zinafanya kazi kwa kuvimbisha mpira, na mpira hauchagui uvimbe kiasi gani.

Kutoa hewa, washa injini betri isichoke, shusha na pandisha jeki mara tatu nne bila kubeba uzito, kila ikirudi juu subiri mapovu yaishe kwenye tangi, angalia oili ongeza. Usiikamue mota ya pampu mfululizo, nusu dakika hivi alafu ipumzike, mota hizi hazikujengwa kwa kazi ndefu na zinaungua kimya kimya.

Mwisho beba uzito, pitisha kadibodi kwenye kila kiungio ulichogusa, alafu pima kwa futi toka ardhini hadi ukingo wa bodi kwenye kona zote nne, andika, acha usiku mzima. Asubuhi pima tena. Utando mwembamba wa oili kwenye rodi ni kawaida, ndo unaoilainisha sili, tone linaloning'inia sio kawaida.

Baada ya hapo weka mbao pana chini ya kila jeki, rodi itoke fupi. Ukikaa muda mrefu futa rodi kwa tambara lenye oili kila baada ya wiki chache, na uifute tena kabla ya kuirudisha juu, usipake grisi maana inashika mchanga na umetengeneza msasa mwenyewe. Ile sili ya zamani iweke kwenye mfuko mdogo, andika tarehe na ni jeki ya kona gani, itupie kwenye boksi la vifaa. Ikivuja tena utaitoa ya pili uzilaze pamoja kwenye karatasi, majeraha yakifanana ujue muuaji ulimwacha ndani.